Mzunguko wa Arobaini na Saba

"Mikono hii imesuka mota za pampu kabla wewe hujajua kushika bisibisi," Mama alisema, shuka lililolowa likimdondokea miguuni. "Usije kwenye kamba ya nguo kuniambia nimekwaruza waya."

"Sijasema wewe, jirani. Nimesema karakana," Mjomba Barafu alijibu kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Na karakana ni nani kama si mimi?"

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, saa ya kufua. Nyumba zile mbili zilitenganishwa na ukuta mfupi wenye mlango mdogo wa mbao, mlango ambao haukuwahi kufungwa. Hata kamba ya nguo ilikuwa moja, ikianzia kwa huyu na kuishia kwa yule, na soksi zilikuwa zimechanganyika miaka mingi hadi hakuna aliyejua za nani ni zipi. Sauti zilipopanda, majirani wengine walipata kazi za ghafla karibu na ukuta. Mmoja alifagia palipofagiliwa. Mwingine alimwagilia maji ua lililokufa tangu mwezi uliopita.

Kasuku, mtoto wa Mama, alikuwa amechuchumaa kwenye beseni la povu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mtaa mzima ulimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukuwa na kifuniko. Bibi yake alikuwa akisema, huyu ukimpa siri asubuhi, mchana utaikuta sokoni. Lakini asubuhi ile Kasuku alikamua soksi ileile mara nne na hakusema neno.

Ugomvi ulihusu koili, yaani waya uliosukwa mzunguko juu ya mzunguko. Mama alikuwa fundi mkuu wa kusuka koili katika karakana iliyozoea mota za pampu na za mashine za kusaga. Mjomba Barafu alikuwa fundi wa maabara ya utafiti iliyo upande wa juu wa mji. Kazi yake ilikuwa kupoza mitambo hadi baridi ambayo barafu yenyewe ingeomba blanketi, na jina lake lilitoka huko. Maabara ilikuwa inaunda mashine ya kuharakisha chembe: bomba refu la duara ambamo chembe ndogo ajabu, zisizoonekana hata kwa darubini ya shuleni, huzungushwa kwa kasi kubwa. Wataalamu wangezitumia kuchunguza vitu vimeundwaje ndani kabisa, na baadaye kutibu uvimbe mwilini bila kisu. Chembe zikienda kasi namna hiyo hazikati kona zenyewe. Lazima zipindwe na sumaku zenye nguvu. Sumaku hizo husukwa kwa waya wa pekee. Waya huo ukipozwa sana, umeme hupita ndani yake bila kizuizi chochote.

Maabara walikuwa na elimu ya sumaku, lakini walipojaribu kusuka wenyewe, waya ulilegea kwenye kona. Ndipo walipokuja karakanani. Mama aliwaonyesha jinsi ya kuukalisha kwa kigogo cha mbao na nyundo ya mpira. Wao wakamfundisha kuuvika utepe mwembamba wa rangi ya asali, unaozuia umeme usiruke kutoka mzunguko mmoja kwenda mwingine. Jioni hiyo, nyumbani kwake, Mjomba Barafu alitania kwamba ndoa ya maabara na karakana imefungwa, na mkewe akauliza kutoka jikoni ni ndoa gani hiyo ambayo yeye hajaarifiwa.

Sasa ndoa ilikuwa inavunjika. Koili ya kwanza ilipelekwa maabara siku ya Alhamisi, Mjomba Barafu mwenyewe akiendesha gari. Ijumaa ilipimwa kwa umeme mkali, na umeme ukaruka mahali fulani katika mizunguko yake tisini na sita. Mahali gani, hakuna aliyejua. Maabara walidhani waya ulikwaruzwa karakanani. Karakana walidhani koili iligongwa njiani. Jumatatu mhandisi mkuu wa maabara angetoa uamuzi. Kama chanzo hakijulikani, koili ingetupwa, na sumaku zilizobaki zingepelekwa kusukwa kwenye kiwanda cha mbali.

Mama alizianua nguo zake zikiwa bado zinachuruzika. Kisha akaufunga ule mlango mdogo kwa komeo lililoshika kutu kwa kukosa kazi.

Kasuku alijua kilichotokea. Alikuwapo.

Karakana ile ilikuwa na desturi mbili. Ya kwanza ilikuwa bakuli la plastiki mlangoni. Kila anayeingia chumba cha koili aliacha humo pete, saa, funguo na vibanio vya nywele, kwa maana chuma kidogo tu kinaweza kuudhuru waya. Ya pili ilikuwa kuhesabu kwa sauti. Kila mzunguko ulipokamilika, Mama aliuliza, "Umekaa?" Mwangalizi aliinama, akautazama waya pande zote, ndipo akajibu kwa namba: "Wa kumi na mbili, umekaa." Asipojibu, hakuna aliyesogeza mkono.

Jumanne, siku mbili kabla koili haijapelekwa maabara, mwangalizi alipatwa na mafua hadi sauti ikakauka. Shule zilikuwa zimefungwa, na mafundi wakasema mtoto wa fundi mkuu ana sauti ya kutosha karakana tatu. Kasuku akaitwa. Aliingia amevaa bangili ya shanga yenye ndoano ya waya, zawadi kutoka kwa rafiki yake Pacha, binti wa Mjomba Barafu. Walikuwa wameapa kutozivua bangili zao mpaka shule zifunguliwe. Mbele ya bakuli Kasuku alivuta mkono wa sweta, ukaifunika.

Alihesabu vizuri. Mafundi walimpigia makofi alipofika ishirini, na alipofika arobaini alijiona mhandisi. Kwenye mzunguko wa arobaini na saba alinyoosha mkono kugusa waya kwenye kona yenye alama nyekundu, na akasikia ndoano ikinasa. Alipotazama, aliona mkwaruzo juu ya utepe, mdogo kama punje ya mchele.

"Umekaa?" Mama aliuliza.

Kama angesema, wangemtoa nje. Mafundi wangemcheka, na Mama angeaibika.

"Wa arobaini na saba," alijibu, "umekaa."

Sasa, Jumamosi, alijificha nyuma ya nyumba akaivua bangili. Kwenye ndoano kulikuwa na uzi mwembamba wa utepe wa rangi ya asali. Aliutazama muda mrefu. Angeweza kuupuliza tu, ukapotea, na hapo hakuna mtu duniani angejua.

Hakuupuliza. Lakini hakusema pia. Alikula chakula cha mchana bila kusimulia lolote la mtu yeyote, na Bibi akaweka kijiko chini.

"Kasuku akinyamaza," Bibi alisema, "ama anaumwa, ama ameiba mahindi."

Jumapili alimkuta Pacha barabarani, amekaa juu ya jiwe, hana hata hamu ya kuruka kamba. Pacha alimweleza kwamba baba yake hakulala. Kazini wameanza kunong'ona kuwa aliendesha gari ovyo, na huenda akaondolewa kwenye kazi ya sumaku. Aliwaapia kwamba hakupita hata tuta moja kwa kasi, lakini nani atamwamini? Jioni alikuwa akitoka nje kulitazama gari, akipapasa mahali koili ilipofungwa, akitafuta kosa ambalo hakulifanya.

"Na mama yako naye analia?" Pacha aliuliza.

Mama hakuwa akilia. Alikuwa mezani tangu asubuhi na michoro ya koili, akipitisha kidole mzunguko kwa mzunguko, akitafuta kosa ambalo naye hakulifanya. Kasuku aliwaza juu ya watu hao wawili, kila mmoja upande wake wa ukuta, wakitafuta kitu ambacho kilikuwa mfukoni mwake.

Alirudi nyumbani. Akaiweka bangili juu ya mchoro.

"Mama, wa arobaini na saba haukukaa."

Alieleza yote: sweta, ndoano, kona yenye alama nyekundu. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakumfokea, na Kasuku aliona heri angefoka. Aliinua ule uzi wa utepe kwa ncha ya penseli, akauangalia kwenye mwanga wa dirisha.

"Kukagua mikono mlangoni ni kazi yangu," alisema hatimaye. "Yako sikuikagua, kwa kuwa ni yako. Hilo langu. Lakini kusema umekaa na macho yako yanaona haukukaa, hilo lako, mwanangu. Vaa viatu. Tunakwenda kwa jirani."

Komeo lilikuwa limekwama. Mama alilivuta, halikutoka. Akagonga, na Mjomba Barafu akaja upande wake, akasukuma mbao kwa bega huku Mama akivuta chuma, mpaka mlango ukafunguka kwa kishindo kilichomfanya yule jirani anayefagia adondoshe ufagio. Mama alimwomba radhi palepale, mbele ya ufagio na mwenye ufagio. Kisha akamsukuma Kasuku mbele, naye akarudia habari yake tangu mwanzo.

Mjomba Barafu aliketi kwenye ngazi. Alifuta uso kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akacheka kidogo.

"Nami nilisema karakana kabla ya kupima," alimwambia Mama. "Fundi mzima wa maabara. Kumbe mdomo hauna kipimo."

Jumatatu walikwenda maabara wote watatu. Kilikuwa chumba kirefu chenye sakafu safi na mabomba yaliyofungwa vitambaa vya fedha. Koili ilikuwa mezani, ndefu, imepinda ncha zote mbili kama uwanja wa mbio. Mhandisi mkuu alikuwa mama mfupi mwenye kalamu mbili nyweleni. Alimsikiliza Kasuku akiwa amesimama, kisha akauliza swali moja tu: ana hakika ni wa arobaini na saba?

Kasuku alisema ana hakika, kwa kuwa kila namba aliitamka kwa sauti, na ile moja ilikuwa bado inamkwaruza kooni.

Mhandisi aliwaeleza mafundi kuwa hilo lilibadilisha kila kitu. Waya ule haupendi kupindwapindwa. Kuufumua wote na kuuchunguza bila kujua kosa liko wapi kungeuharibu. Lakini bado haukuwa umemiminiwa gundi ya kuugandisha, hivyo kama mahali panajulikana, ungeweza kufumuliwa taratibu hadi hapo, bila kugusa mizunguko ya chini.

Walianza. Mama na Mjomba Barafu walishika waya, mmoja huku na mwingine kule, na Kasuku akahesabu kurudi nyuma. Tisini na sita. Tisini na tano. Watafiti waliacha kompyuta zao wakaja kutazama. Kufikia sitini wote walikuwa wameizunguka meza. Kufikia hamsini Kasuku alianza kujiuliza. Itakuwaje kama alikosea? Itakuwaje kama kuna mkwaruzo mwingine, na gari kweli liligonga?

"Wa arobaini na saba," alisema.

Mhandisi aliinama na kioo cha kukuza kwenye kona yenye alama nyekundu. Alikaa hivyo kwa muda uliowachosha wote. Kisha akampa Mama kioo, na Mama akampa Mjomba Barafu. Punje ya mchele ilikuwa pale pale, na katikati yake nukta nyeusi ambapo umeme uliruka.

Walivua kipande kile cha utepe, wakavika kipya, wakasuka tena. Kazi ilichukua siku tatu. Bakuli la plastiki lililetwa kutoka karakanani likawekwa mlangoni mwa maabara, na Kasuku akapewa ulinzi wake. Alimkagua kila mtu hadi mhandisi mkuu, ambaye alilazimika kutoa kalamu zake zote mbili kwa sababu zilikuwa na vishikizo vya chuma. Mara moja, kwenye mzunguko wa sabini na moja, Mama aliuliza "Umekaa?" na Kasuku akajibu, "Bado, Mama. Subiri." Kulikuwa na unywele tu. Lakini hakuna aliyecheka, na mikono yote ilisubiri mpaka ulipoondolewa.

Alhamisi mchana umeme mkali uliwashwa. Sindano ya kipimo ilitulia kama paka aliyeshiba. Mafundi wa karakana na watafiti walipeana mikono, na mhandisi akasema koili ya pili ianze wiki ijayo, kwa mafundi walewale. Kisha akamwita Kasuku kando ya meza.

"Kuhesabu wanajua wengi," alimwambia. "Sikiliza jambo hili. Maabara haiwezi kuisuka sumaku hii peke yake, wala karakana haiwezi. Kinachotuunganisha ni kuaminiana kwamba mtu akisema umekaa, umekaa. Kosa likitajwa lina mahali pake, tunalifikia na kulitengeneza. Likifichwa, linakuwa kila mahali: ndani ya gari, ndani ya mikono ya mama yako, ndani ya jina la jirani yako. Umechelewa siku tano kulitaja. Lakini umelitaja, na tumelifikia."

Waliporudi mtaani, mlango mdogo ulikuwa wazi, na komeo limeng'olewa kabisa. Bibi alisema yeye hajui limekwenda wapi, na hakuna aliyemwamini. Nguo za nyumba zote mbili zilikuwa kwenye kamba, soksi zikichanganyika kama kawaida. Harufu ya chakula ilitoka kwa Mjomba Barafu, na watu walikuwa wamejaa uani mwake, pamoja na yule wa ufagio, ambaye alikuwa anasimulia habari ya koili kana kwamba yeye ndiye aliyeipima.

Mama na Bibi waliingia. Kasuku alibaki kwenye kizingiti cha mlango mdogo. Kila mtu pale sasa alijua alichofanya, na miguu yake haikutaka kuvuka. Pacha, akiwa bado amevaa bangili yake, alimpungia mkono, lakini Kasuku alitazama chini.

Mke wa Mjomba Barafu alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alimtazama Kasuku, akautazama mlango, kisha akamshika bega.

"Nimehesabu sahani mwenyewe, mara mbili," alisema, "na yako imo. Nawa mikono, ingia ule."