Nani Anamnenepesha Paka wa Fundi?

"Mwenzangu, kwani hili vumbi limeshuka kutoka mbinguni?"

Fundi cherehani wa ghorofa ya chini alikuwa amesimama mbele ya mlango wa kina Kidoti, ameinua gauni jeupe la bibi harusi kama mtu anayeonyesha ushahidi mahakamani. Utepe wa kupimia ulining'inia shingoni mwake na pini tatu zilikuwa zimechomekwa kwenye ukosi. Ilikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi, na milango ya majirani wote wa ghorofa ile ilikuwa imefunguka kidogo, kiasi cha sikio kupenya.

"Dari yangu inapukutika! Tu-tu-tu-tu, kimya. Tu-tu-tu-tu, kimya tena. Mnatwanga nini humo ndani?"

"Hatutwangi kitu," alijibu mama yake Kidoti huku mwiko ukiwa mkononi. "Ni mdogo wangu na mazoezi yake. Sekunde thelathini anaruka, sekunde thelathini anapumzika. Dakika kumi na tano, yamekwisha. Mbona nilikwambia?"

"Ya alfajiri nayajua, nimeshayazoea. Mimi nasema ya saa kumi jioni!"

Mama mdogo alichungulia mlangoni akiwa na glasi ya maji. "Saa kumi jioni mimi niko kazini, nimekaa nyuma ya meza ya mapokezi napokea simu. Labda kivuli changu ndicho kinachoruka."

Pembeni mwa kabati la viatu, Kidoti aliinama akafunga kamba za raba ambazo tayari alikuwa amezifunga. Waliomwita Kidoti walimwita hivyo kwa sababu ya alama nyeusi iliyokuwa juu ya mdomo wake. Alikuwa darasa la sita, na siku hiyo hakutaka mtu yeyote amtazame usoni.

"Na jambo lingine," Fundi aliendelea, maana akishawasha cherehani ya mdomo hazimi haraka. "Paka wangu mnamlisha nini? Wiki ya tatu hii, chakula changu hakigusi. Panya anapita mbele yake, yeye anamtazama tu kama jamaa yake! Amenenepa hata dirishani hapiti."

"Tumlishe paka wako kwa lipi? Sisi wenyewe tumeshiba kuliko kiasi?" Mama aling'aka.

"Sawa! Mlango wenu huu sitaukanyaga tena!" Fundi akageuka, akashuka ngazi kwa kishindo. Milango ya majirani ikafungwa mmoja mmoja, taratibu, kwa masikitiko.

Mama alirudi jikoni, akafunga mkate na mayai mawili kwenye karatasi. Yeye alikuwa mpishi wa kantini, na mikono yake haikujua kupika kidogo. "Kaa ule kabla ya mazoezi yako."

"Nimechelewa, mama. Nitakula njiani."

"Kila siku njiani! Hiyo njia yenu ina meza?"

Kidoti alicheka kidogo, akachukua karatasi, akatoka. Chini ya ngazi, paka wa Fundi alikuwa amekaa anasubiri, mkia umezungushwa miguuni kama mteja aliyeweka miadi. Kidoti alitazama huku na huku, akafungua karatasi, akaiweka sakafuni. Harufu ya mayai ilimpanda puani mpaka macho yakamlengalenga. Akaondoka mbio.

Mambo yalianza wiki tatu kabla, pale pale kwenye chumba cha Fundi. Wasichana wanne wa timu ya kupokezana vijiti walikwenda kupimwa kaptula za mashindano. Fundi ana tabia moja ambayo wateja wake wote wanaijua: hupima huku anatangaza, ili msaidizi wake aliye upande wa pili wa chumba aandike daftarini. Alipofika kwa Kidoti, alipaza sauti: "Kiuno, ishirini na nane! Eh, binti, umeongeza!"

Wenzake wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo, Kasuku, msichana mwenye mdomo mwepesi kuliko wote darasani, hakumwita Kidoti tena. Alimwita Ishirini na Nane. "Ishirini na Nane, pokea kijiti!" "Ishirini na Nane, sogea kidogo, tupite!" Kidoti alicheka nao, kwa kuwa asiyecheka hutaniwa zaidi. Lakini usiku ule alisimama mbele ya ratiba ya mama mdogo iliyobandikwa kwenye mlango wa kabati, akaisoma neno kwa neno: kula kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku, nje ya hapo maji tu, mazoezi ya vipindi dakika kumi na tano.

Kama yanamfaa mama mdogo, aliwaza, yatanifaa na mimi. Tena akaongeza ya kwake. Badala ya saa sita, yeye alianza kula saa kumi na mbili jioni, na badala ya mara moja, aliruka mara mbili, alfajiri kimyakimya kitandani na saa kumi kabla mama hajarudi.

Juma la kwanza alijiona mwepesi. La pili alianza kusinzia katika somo la hesabu. La tatu, mwalimu wa michezo, ambaye wanafunzi walimwita Firimbi kwa sababu firimbi haitoki shingoni mwake, aliitazama saa yake akatikisa kichwa. "Kidoti, wewe ndiye mkimbiaji wangu wa mwisho. Mwezi uliopita ulikuwa unawaacha wote. Sasa unaburuta miguu. Jumamosi usipobadilika, nafasi ya nne nampa mwingine."

Na Jumamosi ndiyo hiyo ilikuwa imefika.

Uwanja ulikuwa mkavu na jua limeshapanda. Walipasha mwili moto, wakajipanga. Wa kwanza akakimbia, wa pili akapokea, Kasuku akawa wa tatu. Kidoti alimwona anakuja, mkono umenyooka, kijiti kinameta. "Shika!" Kasuku alipiga kelele, na safari hii hakuongeza utani wowote. Kidoti alikishika. Alipiga hatua tano, sita, saba. Kisha chaki nyeupe ya mstari ikaanza kucheza, vidole vikalegea, kijiti kikaanguka, na yeye akakifuata.

Alipofumbua macho alikuwa kivulini, miguu imeinuliwa juu ya begi. Kasuku alikuwa anampepea kwa daftari, analia.

"Umekula nini leo?" Firimbi aliuliza.

Kidoti alijipangusa vumbi la goti.

"Jana?"

"Jioni, mwalimu."

"Kabla ya hapo?"

Kidoti akageuza uso.

Firimbi hakugomba. Alimpitisha zahanati, na saa tano na nusu alikuwa anapanda naye ngazi za nyumbani, Kasuku nyuma amebeba viatu. Fundi aliwaona kupitia dirisha, akaacha gauni la watu juu ya meza, akasahau kiapo chake cha asubuhi na kuwafuata mpaka mlangoni.

"Shikamoo, mama," Kasuku alimwamkia mama yake Kidoti kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

"Ameanguka uwanjani," Firimbi alisema. "Tumepitia zahanati, wamempima. Ugonjwa hakuna. Kuna njaa."

Mama alikaa chini kwenye kiti kilichokuwa karibu. "Njaa? Mwanangu mimi? Nawapikia watu mia moja kwa siku, halafu wangu anaanguka kwa njaa?" Akamgeukia Kidoti. "Na ile mikate ninayokufungia kila asubuhi?"

Hapo paka wa Fundi akaingia kwa mwendo wa maringo, akapita katikati ya miguu ya watu, akajisugua kwenye soksi za Kidoti, akaketi mbele yake akisubiri.

Fundi akashika kiuno. "Aha! Kumbe mfadhili wake ni huyu!"

Kidoti akaanza kulia, na maneno yakamtoka yote kwa pamoja: kaptula, kicheko, Ishirini na Nane, ratiba kabatini, kuruka saa kumi jioni. "Nilikudanganya, mama. Nisamehe. Nilitaka kiuno kirudi."

Kasuku alitazama viatu alivyobeba. "Mimi ndiye niliyeanza. Samahani, Kidoti."

Fundi aligeuka kwa ghafla. Alishuka, akarudi anahema na daftari lenye jalada lililochakaa. Alilowesha kidole, akafunua kurasa.

"Njoo usome mwenyewe. Mwaka jana, sare ya shule. Bega?"

"Kumi na tatu," Kidoti alisoma.

"Mwaka huu?"

"Kumi na nne na nusu."

"Urefu wa gauni, bega hadi goti?"

"Thelathini na tatu. Mwaka huu thelathini na saba."

"Sasa niambie. Mtu amerefuka inchi nne, bega limepanuka, halafu kiuno kibaki pale pale? Huyo atakuwa mwanasesere! Unakua, binti, na ndiyo kazi yako sasa hivi. Kosa ni langu, nilitangaza kiuno nikasahau kutangaza urefu. Kuanzia leo naandika mwenyewe, mdomo umefungwa. Na pini nitaziweka midomoni, zinisaidie."

Hata mama alicheka kidogo, huku akijipangusa macho.

Mama mdogo alibandua ratiba kabatini, akaketi sakafuni karibu na Kidoti. "Hii ni ratiba yangu, si yako. Mimi nina miaka thelathini na nne, nakaa kwenye kiti kutwa nzima. Kabla sijaanza, daktari alinipima presha na sukari, akaniuliza maswali mpaka nikachoka. Akaniambia wazi kwamba haimfai mtoto anayekua. Na kosa langu ni kuibandika pale bila kukueleza. Tena zikifika saa zangu, mimi nakula nikashiba. Wewe uliwahi kuniona nimempa paka sahani yangu?"

"Hapana."

"Hata mfupa hapati kwangu."

"Na yale mazoezi ya vipindi?" Kidoti alimuuliza Firimbi. "Ni mabaya?"

"Si mabaya. Tutayafanya wote, uwanjani, mimi nikiwa na saa mkononi na nyinyi mkiwa na kitu tumboni. Gari halikimbii kwa kuondolewa mafuta." Firimbi akainuka. "Mwili ukikusumbua, au mtu akikusema, mwambie mkubwa unayemwamini siku ile ile. Ukificha, hata anayekupenda hawezi kukusaidia, maana hajui. Kijiti cha nne bado ni chako. Lakini Jumatatu, kabla ya yote, nitakuuliza umekula nini, na nitataka jibu la kweli."

"Ndiyo, mwalimu."

Jikoni sufuria lilikuwa linachemka, na harufu ya wali na maharage ilishafika ngazini. Mlango wa jirani ukafunguka kidogo. Mama mdogo alitazama saa ya ukutani: saa sita kasoro dakika tano. "Leo daktari atanisamehe," alisema, akaanza kushusha sahani.

Fundi alikunja daftari lake, akamkwapua paka, akaanza kurudi nyuma kuelekea ngazi. "Haya, mimi nina gauni la watu. Halafu nilishaapa kuhusu mlango huu."

Kidoti alishika mkono wake kabla hajafika ngazini, akaufungua mlango wazi kabisa.

"Karibu ndani, Bi Fundi, tule. Ila paka abaki nje. Leo zamu yangu."