Sanamu Iliyokonda

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya Jumatatu, fundi alifungua duka lake na kukuta sanamu imekonda.

Ilikuwa sanamu ya kushonea, isiyo na kichwa wala mikono, imesimama juu ya mguu mmoja wa chuma. Bibi harusi yeyote alipimwa mara moja tu. Baada ya hapo fundi aliijaza sanamu pamba mpaka ifanane na mwili wake, akaivisha kifuniko cha kitambaa, akashona kwa kuifuata hiyo. Wanawake hubana tumbo mbele ya kioo, alizoea kusema; sanamu haibani. Safari hii ilikuwa na umbo la mchumba wake mwenyewe.

Gauni jeupe, ambalo Jumamosi liliikaa barabara, sasa lilining'inia kiunoni.

"Dada, umeigusa hii?"

Dada yake, aliyeshona vifungo dukani humo, ndiyo kwanza alikuwa anavua viatu.

"Mimi? Nina sare za shule nzima zinanisubiri. Itakuwa panya."

"Panya ale pamba, halafu arudishie mshono?"

"Basi panya huyo amesomea ushonaji. Muajiri."

Fundi hakucheka. Ilikuwa mara ya tatu. Mara mbili za kwanza alidhani alikosea kujaza pamba, akalipunguza gauni lifuate sanamu. Na kila mara mchumba wake alipokuja kulijaribu, lilimkaa. Hilo ndilo lililomtuliza wakati ule. Sasa ndilo lililomtia baridi: sanamu ilitangulia kukonda, na mwili ukafuata.

Alikigeuza kifuniko akaukagua mshono. Vishono vililala kushoto. Vyake, na vya dada yake, hulala kulia. Mtu mmoja tu kati ya aliowafundisha mshono ule alishika sindano kwa mkono wa kushoto, na siku ya kuchumbiana alimpa mtu huyo ufunguo wa pili wa duka.

Alituma ujumbe: "Mpenzi, umekunywa chai?"

Jibu lilikuja papo hapo: "Nimekula kwa shangazi mpaka nashindwa kuinuka."

Akampigia shangazi wa mchumba wake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Maandalizi yanaendaje?"

"Yanaenda. Mwenzangu amekula nini hapo kwako leo?"

"Kwangu? Huyu hajagusa sahani yangu tangu aanze mfungo. Si jioni akitoka kwenye maombi anakuja kufungulia kwako?"

"Kwangu anasema amekula kwako."

Kwa mbali jogoo aliwika.

"Baba," shangazi alisema taratibu, "sisi kwenye kikundi cha maombi huwa tunamsimamisha mbele. Tunasema, mtazameni, binti mdogo kawashinda wazee kwa kufunga."

"Anafungia nini?"

"Hatukumuuliza."

Utotoni binti huyo alikuwa akiitwa Bonge. Siku hizi wasichana wa kwaya walimwita Sindano, na walilitamka jina hilo kwa wivu. Walijua pia kwamba huvaa sweta mbili hata jua likiwa kali, na kwamba ukimpa mkono kumsalimia unahisi umeshika bomba la maji asubuhi. Hilo halikuwa kwenye sifa.

Jioni ile, fundi alimwomba dada yake afunge duka kwa nje na kwenda zake. Yeye alibaki ndani, nyuma ya pazia la chumba cha kujaribia nguo. Giza lilipoanza kuingia, ufunguo ulizunguka mlangoni. Mchumba wake aliingia bila kuwasha taa. Alivua sweta ya kwanza, akavua ya pili, akaenda kusimama kando ya sanamu. Katika mwanga wa taa ya barabarani fundi aliona wanawake wawili wa kimo kimoja, na kwa muda mfupi hakuweza kusema ni yupi mwenye kichwa.

"Umenitangulia tena," binti aliiambia sanamu. "Ngoja. Nakuja."

Alifumua mshono, akavuta pamba konzi moja, akaitia kwenye mkoba. Kisha akaikumbatia sanamu kiunoni, akajikumbatia mwenyewe, akalinganisha.

"Bado," alinong'ona.

Fundi alivuta pazia.

"Nani anasema bado?"

Binti hakushtuka. Hilo lilimtisha fundi kuliko yote.

"Kumbe ulikuwepo."

"Nani anasema bado, mpenzi?"

"Huwa naisikia sauti nikifumba macho kusali. Nikadhani ni Mungu ananitaka nisafishe hekalu lake."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponipima. Dada yako alisema kitambaa hakitoshi, tushone hema kabisa. Mkacheka. Na mimi nikacheka."

Fundi alikumbuka. Kilikuwa kicheko kirefu.

"Ulipokonda mara ya kwanza, ilisemaje?"

"Bado."

"Na mara ya pili?"

"Bado."

"Basi siyo Yeye. Mungu alipomaliza kumuumba mtu alitazama, akaridhika. Hakusema bado."

"Usinihubirie!" Sauti yake ilikuwa kavu kama karatasi. "Gauni alilipunguza nani? Mara mbili! Nilikuja hapa nimesimama mbele yako, hukunitazama mimi. Ulitazama hii."

Fundi alimgeukia, akaipa sanamu mgongo.

"Kweli," alisema. "Nimeishonea sanamu. Njoo nikupime wewe."

Alinyoosha mkono kuchukua futi ya kupimia. Kabla hajaigusa, binti aliyumba akaanza kuanguka. Alimdaka. Alikuwa mwepesi kama jora la kitambaa lililokaribia kwisha.

Hospitalini daktari alizungumza bila kupamba. Ni ugonjwa, unatibika, na usipotibiwa unaua. Moyo ulikuwa unapiga polepole mno. Chakula kingerudi kidogokidogo, chini ya uangalizi, maana mwili uliokauka ukishindiliwa ghafla unaweza kudhurika. Akili nayo ingetibiwa.

Shangazi alifika na Biblia kwapani.

"Shangazi, wamenivunjia mfungo wangu."

"Haukuwa mfungo, mwanangu. Ulikuwa unaelekea shimoni, na sisi tukakupigia makofi." Alikaa kitandani, akaiweka Biblia pembeni bila kuifungua. "Unamkumbuka yule binti wa kwenye Injili aliyefufuliwa? Nyumba nzima inalia. Bwana akamshika mkono, akasimama. Halafu Bwana akaagiza nini? Aombewe? Aimbiwe?"

Mgonjwa aliitazama Biblia iliyofungwa.

"Apewe chakula," alisema mwishowe.

"Haya. Fungua mdomo. Na yule daktari wa akili utamwona, usinikunjie uso. Kuomba tutaomba. Mungu hajagombana na madaktari."

Alimeza vijiko vitatu vya uji, huku akilia.

Harusi iliahirishwa. Siku ya kutembelea wagonjwa, dada yake fundi alisimama mlangoni mwa wodi, akikunjakunja mkoba wake.

"Wifi, huu mdomo wangu..."

"Wewe si ndiye fundi wa vifungo? Ushone."

Wote wawili walicheka, kisha yule mgeni akalia.

Miezi ilipita. Ilikuwamo ya kupanda na ya kushuka, na mara moja binti alirudishwa wodini. Alasiri moja aliingia dukani na mfuko. Ndani yake mlikuwa na pamba yote aliyoichukua, ambayo muda wote ilikuwa chini ya kitanda chake. Aliirudisha mwenyewe ndani ya sanamu, akaushona mshono kwa mkono wa kushoto. Fundi alikuwa amelilaza gauni mezani, analifumua. Ndani ya kila mshono, kitambaa kilitokeza kikiwa kimekunjwa.

"Kumbe hukukata?"

"Nilikunja tu. Mwili huenda na kurudi. Fundi anayekata mpaka kwenye uzi hajui kazi."

Binti aligusa kitambaa kile kwa kidole.

"Nipime. Ila namba usiniambie."

Fundi aliiacha futi. Alichukua uzi mweupe, akauzungusha kiunoni mwa mchumba wake, akafunga fundo ulipokutana. Sanamu aliisukuma pembeni, kifua kikielekea ukutani.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi iliyofuata alifungua duka. Sanamu ilikuwa vilevile.

Walifunga ndoa siku ya Jumamosi. Mezani, wifi yake alimwekea bibi harusi sahani bila neno lolote la utani. Bwana harusi aliinama sikioni mwake.

"Ile sauti inasemaje leo?"

"Neno lilelile."

"Na wewe unasemaje?"

Aliitazama sahani. Kisha akachukua kijiko, kwa mkono wa kushoto, akala.