Jasho Chini ya Mpira

Kila jioni, mama alipoteremsha kapu la mikate na kuiegemeza baiskeli ukutani, baiskeli ile ilibadili tajiri. Asubuhi ilikuwa ya mama, ya kusambaza mikate ya tanuri duka hadi duka. Jioni ilikuwa ya binti yake, ambaye shule nzima ilimwita Kiberenge, kwa sababu, kama kigari cha reli, akishaondoka hakuna wa kumsimamisha.

Mvua za mwaka huo ziligeuza barabara kuwa uji, kwa hiyo Kiberenge alijinoa kwa mashindano ya baiskeli ya shule akiwa ndani ya stoo. Fundi baiskeli wa jirani alimchomelea stendi ya chuma iliyoinua gurudumu la nyuma, likawa linazunguka hewani bila kwenda popote. Stoo haikuwa na dirisha, na bati lilikaribia kugusa kichwa. Joto la humo usiombe! Panya walihama na watoto wao mgongoni. Jasho lilimtiririka Kiberenge puani na kidevuni, likadondokea usukani tone kwa tone, hata ungedhani paa linavuja.

"Umefuta?" mama aliuliza kila alipomwona akitoka.

"Nimefuta, mama."

Na mwanzoni alifuta kweli, kwa tambara kavu, kama alivyoagizwa. Aliyemharibu ni Nyundo, nahodha wa timu yao, ambaye fremu ya baiskeli yake ilijaa michirizi myeupe ya chumvi. Wanatimu walikuwa na desturi ya kulinganisha michirizi hiyo kila walipokutana, kama askari wanaolinganisha nishani.

"Mbona yako inameremeta hivyo?" Nyundo alimcheka mbele ya wenzao. "Unaenda mashindanoni au harusini?"

"Mama kasema nifute."

"Haya, mtoto wa mama! Jasho la bingwa halifutwi."

Maneno yale yalimchoma. Tambara likatupwa nyuma ya magunia. Lakini chumvi mama angeiona, naye hakuwa mtu wa kudanganyika kirahisi. Kiberenge akachukua mpira wa ndani wa gurudumu kuukuu, akaukata vipande virefu, akauviringishia usukani wote mpaka shingoni. Ukawa mweusi, mnene, kama chatu aliyeshiba.

"Ama kweli nimezaa!" mama alifurahi kuuona. "Sasa hata mvua ikinyesha mikono yangu haitateleza. Asante, mwanangu."

Kiberenge akaipokea asante ile, akainamia mnyororo kana kwamba anaukagua.

"Umefuta?" mama aliendelea kuuliza.

"Nimefuta, mama."

Mvua zikakatika, zikarudi. Chini ya mpira, jasho lilikuwa linafanya kazi yake kimya kimya.

Wiki ya mashindano, asubuhi, mama alikuwa akiteremka mlima wa sokoni na kapu limejaa. Mbuzi akakatiza. Mama akakaza breki, akauegemea usukani kwa uzito wake wote, na usukani ukakatikia mikononi mwake. Kiberenge aliitwa akiwa darasani. Alimkuta mama kwenye benchi la zahanati, mkono wa kushoto umefungwa plasta, gauni lina tope, naye anauliza mikate imeokotwa na nani.

Jioni fundi alipasua ule mpira kwa kisu. Maji ya kahawia yakachuruzika. Chuma kilikuwa kimebanduka magamba, na fundi alipokibana kwa vidole kikabomoka.

"Huu si usukani, shemeji, ni biskuti," alimwambia mama. "Jasho lina chumvi, na chumvi hula chuma. Likiachwa wazi, angalau utaliona na kulifuta. Hili limefunikwa kama chungu jikoni, likaiva."

"Haiwezekani," mama akasema. "Huyu anafuta kila siku. Mimi mwenyewe humuuliza."

Fundi akamtazama Kiberenge. Akaanza kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

"Sikufuta, mama," Kiberenge akasema, na machozi yakamtoka. "Tangu nilipofunga mpira. Niliufunga ili usione."

Mama akaokota kipande cha ule mpira kwa mkono wake mzima, akakigeuza-geuza. Ingekuwa heri angempiga.

Fundi alifunga usukani mwingine. Jumamosi, saa ya mashindano, Kiberenge alikuwa barabarani na kapu la mikate, maana tanuri halingoji mfupa uunge. Timu ikampita ikielekea uwanjani. "Kiberenge, twende!" Nyundo alipaza sauti. Kiberenge akashuka, akahesabu mikate ya duka lililofuata.

Plasta ilitolewa, lakini kiganja cha mama hakikukunjika tena sawasawa, wala hakikuweza kukaza breki. Njia ya mikate ikabaki ya Kiberenge, kila asubuhi kabla ya shule.

"Ungeniambia tu, 'Mama, leo sikufuta,'" mama alimwambia siku moja. "Ningefuta mwenyewe, tukaenda kulala. Kosa lililo wazi hufutika kwa tambara, mwanangu. Ukilifunika, linakula mpaka limpate asiyehusika. Chuma kilichooza fundi amebadilisha. Neno lako halina duka la vipuri. Utalijenga upya mwenyewe, polepole."

Jioni ile Kiberenge aliifuta baiskeli: usukani, shingo, nati kwa nati, akaingia ndani.

"Umefuta?"

"Nimefuta, mama."

Mama akainuka, akatoka nje, akapitisha kidole cha mkono ulio mzima chini ya usukani, kisha akakiangalia kwenye mwanga wa taa.