Mke Mkubwa wa Kona ya Tano

Kifungo cha tatu cha shati kilikuwa kimeshonwa na mkono mwingine.

Fundi cherehani alivijua vifungo vyote vya mumewe, maana alivishona mwenyewe. Hiki kilizungushiwa uzi mweusi, mwembamba, na alipouvuta kwa meno akagundua ni unywele. Ulikuwa mrefu kuliko mkono wake, na ulinuka lami mbichi. Wivu wake akaupiga pasi pamoja na shati.

Mumewe alikuwa msimamizi wa barabara ya mlimani, na wenzake walimwita Bwana Kona. Barabara yenyewe ilikuwa fupi, kilomita kumi na moja na kona saba, kutoka bondeni hadi mji wa juu, lakini wageni walitoka mbali kuja kupiga picha za maporomoko ya maji yanayoonekana kutoka kona ya tano. Zamani kilikuwa kijia cha wakata kuni. Kisha akaja injinia na baruti. Kwenye kona hiyo ya tano palisimama jiwe refu, baruti ikagoma mara tatu, na injinia akaamuru barabara ilizunguke. Ilisemekana kwamba tangu siku hiyo alihamishia kitanda chake pale pale, na barua za mkewe hakuzifungua tena.

Walipokuwa wachumba, Bwana Kona alimsimulia mkewe kisa hiki huku akicheka. Siku hizi hakucheka nyumbani. Alilala akimpa mkewe mgongo, na kila alipoulizwa alijibu kwamba kazi ni nyingi.

Siku moja mke alifunga cherehani, akaomba lifti kwenye lori la kokoto, akashuka kona ya nne. Alitaka kumfumania huyo mwanamke mchana kweupe. Lakini kadiri alivyopanda, ukungu ulishuka, harufu ya lami ikazidi ingawa hapakuwa na lami iliyomwagwa, na ndani ya ukungu huo akasikia kicheko cha mumewe, kile cha enzi za uchumba, kisha akamwona ameketi chini ya jiwe, kichwa amekilaza upande kama mtu aliyepakatwa, na nywele zake zikigawanyika zenyewe, taratibu, mstari kwa mstari, chini ya vidole visivyoonekana.

Pumzi baridi ikamgusa sikio.

"Wewe ndiye mdogo?" sauti ya kike iliuliza.

"Mdogo wa nani?"

"Wangu. Mimi nilimpata mwaka alioanza kazi hapa. Wewe umemkuta na mke. Nimekuvumilia vya kutosha."

Alikimbia hadi kona ya pili bila kujua kwamba viatu vimebaki nyuma.

Jioni alimweleza mumewe kila kitu. Bwana Kona alilia. Alikiri kwamba zamani, kabla hawajajuana, sauti ilimuuliza pale jiweni kama atampenda, naye, akidhani ni mzaha wa vibarua wenzake, akajibu ndiyo.

Wakaenda kwa mganga, mzee mpole aliyewahi kutoa majini kwa watu wengi. Aliwasikiliza hadi mwisho. Akasema ndoa ile ilifungwa kwa neno na itavunjwa kwa neno: Bwana Kona alitazame jiwe, atamke talaka mara tatu, na asigeuke kabla hajamaliza.

Asubuhi iliyofuata walipanda wote watatu kwa gari la mganga. Jua lilikuwa limetoka, maporomoko yakimetameta. Mke alisimama kando ya gari akajiona, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, kama mwenye mume. Alimwona mumewe akilikaribia jiwe, akanyoosha mabega, akafungua kinywa, na ukungu ukatoka nyuma ya jiwe ukamzunguka kiunoni kama mkono, na mtu aliyekuwa amelia chozi la kweli usiku kucha akageuka polepole, uso umetulia, nywele zimechanwa vizuri, akamtazama mke wake machoni.

"Nimekuacha," alisema. "Nimekuacha. Nimekuacha."

Kisha akapita nyuma ya jiwe. Hakuna kilichoanguka, hakuna aliyepiga kelele. Mke alitaka kumfuata, lakini mganga alimshika mkono.

"Panda gari, mama," alinong'ona, macho yake yakiwa chini. "Usimwite. Sasa wewe si wake, na yule mwingine anakusikia."