Marehemu Yuko Njiani

Mlinzi wa ghala la dawa ndiye aliyemkuta. Alivuta mlango wa chumba cha baridi asubuhi, akijiandaa kukabidhi zamu, na fundi mitambo akamwangukia miguuni, amekakamaa kama gogo. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimechunika. Ukutani, karibu na mlango, palikuwa na kitufe chekundu cha kuitia msaada, nacho kilikuwa kimebonyezwa hadi kikakwama ndani.

Inspekta alifika saa mbili. Alikuwa mwanamke mfupi, asiyependa maneno mengi wala chai ya bure. Mifukoni mwa marehemu alikuta kitambaa na peremende mbili. Simu ya marehemu ilikuwa ofisini, juu ya meza, kando ya kompyuta iliyoachwa wazi. Kadi yake ya geti haikuonekana, na watu walidhani imeanguka mahali.

Fundi huyo walimwita Mishale, na jina lilimkaa sawasawa. Mifumo yote ya ghala aliiunda yeye, kwa kuvuta visanduku kwenye skrini na kuviunganisha kwa mishale. Kisanduku cha kwanza: kitufe chekundu kikibonyezwa. Mshale. Kisanduku cha pili: lia king'ora, mpigie mlinzi. Sasa mshale huo ulikuwa umefutwa, na rekodi ilionyesha umefutwa kwa akaunti ya Mishale mwenyewe.

"Basi amejimaliza," alisema mtunza ghala, ambaye alikuwa kaka mkubwa wa marehemu na ndiye aliyemtafutia mdogo wake kazi hapo. "Kitasa cha ndani ni kibovu, afande. Sote tunaweka kreti mlangoni ili usijifunge. Yeye kaitoa. Na jana asubuhi aligombana na mkewe. Mdogo wangu alikuwa na moyo mwepesi." Akajifuta macho kwa kiganja.

"Mtu aliyeamua kufa anagonga mlango?" Inspekta aliuliza.

"Labda alijuta. Kifo si mchezo."

Maneno hayo yalifika kwa mjane kabla ya maiti.

Inspekta alianza na mlinzi, maana ghala zima lilijua kuwa hao wawili walikuwa paka na panya.

"Kweli nilimkasirikia," mlinzi alikiri. "Mfumo wake ulikuwa unanishtaki kwa meneja kila nikisinzia. Lakini afande, kama ningeua kila anayenikatiza usingizi, mke wangu angekuwa hai?"

Aliyefuata ni fundi mwenzake Mishale, mwanamama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Yeye ndiye aliyerithi kiti cha marehemu.

"Kufuta mshale kunahitaji utaalamu gani?" Inspekta alimuuliza.

"Wala. Unabofya, unafuta. Alitufundisha wote, alisema hata bibi yake angeweza. Na kompyuta yake haijawahi kufungwa. Nilimgombeza mpaka nikachoka."

"Kwa hiyo hata wewe ungeweza."

"Ningeweza," mama yule alisema, macho yakimlengalenga. "Andika hivyo hivyo."

Wakazika. Jalada likaanza kuota vumbi. Kisha mchana mmoja mjane akaja kituoni, amekonda hadi shingo inaonekana mishipa, ameibana simu kifuani.

"Afande, mtu akijiua anaweza kusema yuko njiani?"

Inspekta aliisoma simu. Ujumbe ulikuwa umetoka kwa marehemu, jioni ya jana: *Mama Watoto, nimetoka kazini. Niko njiani.* Juu yake ulikuwapo mwingine kama huo, na juu ya huo mwingine tena, zote baada ya mazishi.

"Alikuwa ananitumia alipokuwa hai," mjane alisema. "Zilikuja zenyewe kila akitoka, aliziunganisha na mitambo yake, sijui vipi. Wa kwanza ulipoingia baada ya mazishi nilikimbia nikafungua mlango. Wa pili nikamwekea sahani mezani, watoto wakanitazama wakaanza kulia. Afande, mimi nilimwambia asirudi. Siku ile ya mwisho. Kwa hasira nilimwambia asirudi! Sasa kila mtu anasema alijiua, na yeye kila mara ananiambia yuko njiani. Anataka nini kwangu?"

Inspekta alimmiminia maji, akangoja ayanywe.

"Umewahi kuupata ukiwa na mtu mwingine?"

"Na watoto, ndiyo. Na jirani. Ila shemeji akija kunipa pole simu inakaa kimya. Huja jioni, hukaa muda mrefu. Nilidhani marehemu anamstahi kaka yake."

Malaika yalimsimama Inspekta mikononi. Alikuwa na miaka mingi kazini, na aliogopa.

Jioni hiyo hiyo yule fundi mwenye miwani alifungua akaunti ya Mishale na kutafuta mpaka akaupata mfumo ambao hakuna aliyeujua pale kazini. Ulikuwa mdogo, visanduku viwili tu. Kadi ya Mishale ikisomwa getini akitoka: mtumie Mama Watoto ujumbe.

"Kumbe kadi inatumika," Inspekta alisema. "Kadi ya mtu aliyekufa huzimwa na nani?"

"Mishale," alisema fundi. "Kazi hiyo ilikuwa yake."

"Na yeye akifa?"

"Hakuna aliyekumbuka."

"Ule mshale wa kitufe ulifutwa saa ngapi?"

Mama yule alipekua. "Saa kumi na nusu." Akavua miwani. "Saa hiyo tulikuwa kantini. Mimi, Mishale na mlinzi. Tulimcheka mlinzi kwa kulalia mkate wake."

"Usiizime kadi," Inspekta alisema. "Niongezee kisanduku cha tatu. Kadi hiyo ikisomwa, geti lisifunguke."

Mama yule alivuta kisanduku, akachora mshale.

Siku mbili baadaye, jioni, mjane aliketi katika kibanda cha mlinzi kando ya geti la nyuma, simu mapajani. Gari dogo la mizigo likaja taratibu kutoka ndani ya ghala. Mkono ukatoka dirishani, ukagusisha kadi.

Simu ikatetemeka. *Niko njiani.*

Geti halikufunguka. Mkono ukagusisha tena.

*Niko njiani.*

Na tena. Mjane aliziba masikio, ingawa simu haikuwa na sauti.

Inspekta alitoka, akafungua mlango wa gari. Kweli kikulacho ki nguoni mwako: mtunza ghala aliketi nyuma ya usukani, mkononi kadi yenye picha ya mdogo wake akicheka. Nyuma yake zilipangwa katoni za dawa za wagonjwa.

"Fundi amenionyesha kwenye mfumo wake: dawa zilikuwa zinapungua bila kutolewa rasmi," Inspekta alisema. "Hakwenda kwa meneja. Alikuja kwako kwanza, kwa kuwa wewe ni kaka yake."

"Alisema nizirudishe atanisitiri," mtunza ghala alisema kwa sauti kavu. "Nilitaka kumtisha tu."

"Alipokuwa kantini ulifuta mshale. Kisha ukamwita chumba cha baridi, ukachukua kadi yake na ukaondoa kreti. Huko si kutisha mtu."

"Kadi aliiweka juu ya kreti mwenyewe," alisema, kana kwamba hilo lingemwokoa. "Ningetumia yangu, jina langu lingeandikwa kila nikitoka."

Mjane alikuwa ameshatoka kibandani. Hakupiga kelele.

"Shemeji," alisema, "ulikuwa pale mlangoni alipokuwa anagonga?"

Mtunza ghala aliitazama kadi.

"Alidhani mlango umejifunga kwa bahati mbaya. Alisikia hatua zangu, akaniita."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Kaka, nifungulie. Leo nataka niwahi nyumbani nikamwombe mke wangu msamaha.'"

"Na wewe?"

"Nilisimama mpaka akanyamaza."

Mjane alikaa chini pale pale kwenye lami. Kwa wiki zote hizo alikuwa ametaka kujua jambo moja tu, kama mumewe alimwacha kwa kupenda, na sasa alijua. Akalia kwa sauti kubwa, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Inspekta alimwachia mlinzi pingu amfunge mtunza ghala, akakaa chini kando ya mjane.