Mama Yangu Amestaafu

Nilikwenda kununua mtungi wa majivu ya mama jioni, nikitoka saluni, mikono bado inanuka mafuta ya nywele. Niseme mapema, mimi si mtu wa kutishwa. Nina mdomo, na nimeurithi kwa huyo aliyekuwa ndani ya boksi nililolikumbatia.

Mama alikuwa dobi. Maisha yake yote alifua na kupiga pasi nguo za watu, mpaka vidole vikakakamaa. Kabla hajafa alinishika mkono. "Mkinizika mtakuja kunigongea niwafulie. Nichomeni. Nataka kupumzika, mwanangu. Kabisa." Tulicheka wote wawili, lakini nilimwahidi.

Duka lilikuwa mwisho wa kichochoro, nyuma ya wauza vitambaa. Ndani baridi. Rafu zimejaa mitungi ya udongo, ya shaba, ya kaure, yote ina vifuniko. Mwenye duka, mwanamke mnene wa makamo, alinipa kiti na maji ya kunywa.

"Pole sana, binti. Ni nani wako?"

"Mama."

"Alikuwa akifanya kazi gani?"

Nilidhani ananiliwaza. Na nani asiyemsifu marehemu wake? Nikafunguka. Hakuna doa lililomshinda mama, nikasema. Aliamka kabla ya jogoo. Hata akiumwa alipiga pasi ameketi.

"Mchapakazi," alinong'ona, macho yanamng'aa.

"Mchapakazi haswa!"

Akashusha mtungi mweupe. "Huu ndio wake. Mmimine humu, kisha utamke mbele yangu kwamba ni mchapakazi na umenikabidhi. Ndiyo desturi ya duka."

Nikainua mfuniko. Harufu ikanipiga usoni... sabuni ya mche, nguo mbichi, pasi ya moto.

Mtungi ulikuwa mtupu.

Ndipo nikasikia. Trrr... trrr... Cherehani. Nikageuka, hakuna cherehani. Sauti ilitoka kwenye mtungi wa shaba, rafu ya juu. Jirani yake, fwaa... fwaa... mtu anafagia. Kwingine kisu kinakatakata. Nikaugusa mmoja. Ulikuwa na joto, umelowa kama shingo ya mtu aliyetoka kubeba mizigo.

"Hawa ni nani?"

"Waliosifiwa," alisema taratibu. "Watoto wao wenyewe walinikabidhi. Hawachoki hawa."

Mkono wake ulikuwa tayari juu ya boksi langu.

Nikavuta. Akavuta. Loo, yule mwanamke ana nguvu! Boksi likaanza kupata moto. Ndani yake kitu kikasugua... kidogo kidogo... kama mtu anayefikicha kola ya shati.

Hasira zilinipanda. Maisha mazima amewafulia watu, na akifa pia?

"Mvivu!" nikapayuka. "Mama yangu ni mvivu!"

Vidole vyake vikalegea. "Si umesema..."

"Nilidanganya! Analala mpaka jua la utosini! Ameunguza shati la bwana harusi! Ukimpa shuka anakurudishia tambara!"

Kusugua kukakoma. Boksi likapoa. Akaliachia, akajifuta mikono kwenye gauni kwa kinyaa.

Nilikuwa nimeshika komeo la mlango niliposikia sauti kutoka rafu ya juu. Nyembamba. Imechoka.

"Binti..."

Cherehani ilikuwa imesimama.

"Na mimi... nitukane."

Kisha jirani yake. "Na mimi, mwanangu." Kisha rafu nzima ikawa inanong'ona.

Mwenye duka alikuwa anakuja, na upole wote umemtoka usoni. Ningeweza kukimbia. Nikaegemea mlango.

"Wewe fundi, mshono wako umepinda! Wewe wa ufagio, taka unazisukumia chini ya zulia! Wewe wa kisu, mchuzi wako maji matupu!" Nilitukana watu nisiowajua, machozi yananitiririka. Mmoja mmoja walishusha pumzi ndefu, wakanyamaza. Mwenye duka akaziba masikio, akapiga magoti.

Akabaki mmoja. Chini kabisa, nyuma ya mlango, kulikuwa na mtungi mdogo. Mdogo mno. Ndani yake kitu kilikuwa kinateka maji, kinamimina, kinateka tena.

Nilitafuta tusi. Sikulipata. Mtoto utamtukanaje?

Nikaunyakua, nikaukumbatia pamoja na boksi, nikatoka mbio.

Mama nimemtia kwenye birika la kaure ambalo hakuruhusu mtu alitumie. Yuko dirishani, hafanyi chochote, na nyumba inanuka vumbi. Mtungi mdogo nimeuweka mezani kwangu. Kila jioni namwambia, acha, baba. Cheza. Lala. Maji yanaendelea tu.

Jana yalisimama. Nikashusha kikombe changu. Nje, kitu kizito kilikuwa kinapumua nyuma ya mlango, karibu kabisa na tundu la ufunguo.

"Nikiacha," sauti ndogo ikauliza kutoka mtungini, "nitapigwa?"

"Na nani?" nikamjibu, kwa sauti ya kusikika hadi nje. "Aje."