Mawe Chini ya Mashuka

Kila alasiri baada ya masomo, binti wa dobi alipanda nyuma ya gari dogo la mama yake, akajilaza juu ya mashuka safi ya hospitali. Mashuka yalikuwa bado na joto la pasi. Gari likianza kuyumba, alijiona anaelea mawinguni, na honi za mjini zilimfikia kama milio ya ndege wa mbali.

"Bi Mawingu, uko duniani?" Mjomba, ambaye ndiye aliyekuwa dereva, aliuliza.

"Bado sijatua, Mjomba!"

Darajani Mjomba alisimama kuongeza maji kwenye rejeta. Hapo binti aliteremka kijitoni, akaokota mawe mawili laini yenye mishipa myeupe, kila moja ukubwa wa ngumi mbili. Aliamini kila jiwe limelala na lina ndoto yake. Siku moja angeyajengea kasri. Mama alikwisha kukataza kupakia chochote kisicho nguo, kwa hiyo aliyaficha chini ya ubao wa sakafu ya gari, akanyamaza. Hivyo ndivyo alivyofanya kwa miezi miwili.

Zamani tangi likijazwa Jumatatu lilitosha hadi Jumamosi jioni. Sasa, kwa wiki ya tatu mfululizo, mshale wa mafuta ulikuwa umelala chini Jumamosi asubuhi. Mama akamwita fundi wa magari. Fundi alipima upepo wa magurudumu, akachungulia chini ya tangi, akasikiliza injini akiwa amefumba macho.

"Halivuji. Injini ni nzima," alisema huku akijifuta mikono. "Mmelibebesha nini? Gari likiongezewa uzito hunywa zaidi, hasa likipanda mlima, na kila linaposimama na kuondoka tena."

"Mashuka tu," alijibu Mjomba. "Yale yale ya siku zote."

Mama alimgeukia mdogo wake. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Lete funguo. Kuanzia Jumatatu nitatafuta dereva mwingine."

"Dada! Mimi ninywe petroli? Hata chai ya moto inanishinda!"

Hakuna aliyecheka. Mjomba aliinama, akaanza kuzitoa funguo kwenye mkufu wake, polepole, kama mtu anayeng'oa jino.

Binti alikuwa amekaa juu ya robota la nguo. *Ki nguoni mwako.* Methali ile ilimwingia sikioni. Nguoni! Chini ya nguo! Akaona mawe yake yakiamka yote kwa pamoja, yakimkodolea macho. Angeweza kuyatupa kimyakimya kesho. Lakini kesho Mjomba angekuwa ameshaitwa mwizi.

"Mama, ni mimi," alisema. "Kinacholila gari kiko chini ya mashuka."

Akauinua ubao. Walitoa mawe themanini na sita, wakayapima kwenye mizani ya nguo: kilo mia moja na kumi na mbili.

"Sawa na watu wazima wawili waliokuwa wakipanda bure kila siku," alisema fundi.

"Bi Mawingu," Mjomba alishangaa, "kumbe mawingu yako yana uzito hivi!"

Safari hii walicheka, hata Mama, ingawa macho yake yalikuwa yamelowa. Jioni hiyo binti aliyarudisha mawe kijitoni kwa toroli, safari saba, bila kusaidiwa.

Wiki iliyofuata Mjomba aliendesha kama kawaida. Jumamosi jioni gari liliingia uani likiwa na mafuta ya kulifikisha kituo cha mafuta. Mama alikuwa akingoja mlangoni. Alimshika mdogo wake mkono mbele ya bintiye.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nilikushuku kabla ya kutazama."

Kisha akamgeukia binti. "Mwanangu, jiwe moja halilemei gari, na siri moja hailemei moyo. Ndiyo maana tunaongeza nyingine, na nyingine, mpaka anayeumia ni mtu asiye na kosa. Wewe ulibeba mawe, mimi nikabeba dhana mbaya. Ukiona umebeba kisichotakiwa, kitue mapema."

"Nimekitua, Mama."

"Na mimi pia," alisema Mama. "Njooni tushushe mashuka."